KINYOZI HAJINYOI? PICHA YA NAFSI NA WASIWASI WA MWANAFUNZI WA SANAA

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi, na wapo wanaoongeza kwamba akijinyoa hujikata. Mwanafunzi wa uchoraji hana nafasi ya kuifuata hekima hiyo. Mapema katika masomo yake hupewa kazi ya kuketi mbele ya kioo na kuuchora uso wake mwenyewe. Kazi hiyo ikikamilika, hutundikwa ukutani mbele ya wenzake, ikahakikiwa na kutiwa alama. Kwa mtu aliye nje ya ukumbi wa uchoraji, zoezi hili huonekana jepesi, kwani ni nani asiyeujua uso wake? Hata hivyo, ni kazi chache zinazomtia mwanafunzi kiwewe kama hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana ya picha ya nafsi, jinsi inavyochorwa, na sababu ya kazi hiyo kuandamana na wasiwasi mwingi. Mfano mkuu ni wa mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye kabla ya kupata sifa alikuwa mwanafunzi aliyesumbuana na walimu wake. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kiini cha wasiwasi huo si ugumu wa kuchora pua au jicho. Kiini chake ni kuchanganywa kwa hukumu mbili: hukumu inayopitishwa juu ya kazi, na hukumu ambayo mwanafunzi anadhani imepitishwa juu ya nafsi yake. Mwishoni itaonyeshwa kuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tayari anayo istilahi inayoweza kumfaa mwenzake wa uchoraji.

Dhana ya picha ya nafsi

Picha ya nafsi ni picha ambamo mchoraji na mchorwaji ni mtu mmoja. Kwa wasomi wa Kiswahili, njia rahisi ya kuielewa dhana hii ni kuilinganisha na jozi ya wasifu na tawasifu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, akasimulia maisha ya mtu mwingine. Aliandika pia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, akajisimulia mwenyewe. Tofauti iliyopo baina ya vitabu hivyo viwili ndiyo iliyopo baina ya picha ya kawaida ya mtu na picha ya nafsi. Katika ile ya kwanza msanii anatazama nje. Katika ya pili, jicho linalotazama na kitu kinachotazamwa vimekaa mahali pamoja.

Historia ya kazi hizi ni ndefu. Mnamo 1484, huko Nuremberg nchini Ujerumani, kijana wa miaka 13 aliyeitwa Albrecht Dürer alijichora kwa kijiti cha fedha juu ya karatasi, na baadaye akaandika juu ya mchoro huo kwamba alijichora kwa kutazama kioo alipokuwa angali mtoto. Mchoro huo umehifadhiwa katika jumba la Albertina mjini Vienna. Rembrandt naye, katika karne ya 17, alijichora tangu ujanani hadi mwaka wa kifo chake, 1669, hata mtu anayezipanga picha hizo kwa miaka anamwona akizeeka hatua kwa hatua.

Sababu za wasanii kujichora si majivuno pekee, kama inavyodhaniwa na wengi. Wapo waliojichora kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Kwa karne nyingi wanawake wa Ulaya hawakuruhusiwa kusomea uchoraji wa mwili wa binadamu pamoja na wanaume. Chuo kikuu cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, kiliwafungulia wanawake milango mnamo 1897. Mwitaliano Sofonisba Anguissola, aliyeishi katika karne ya 16, alijichora mara nyingi. Uso wake ulikuwa kielelezo ambacho hakuna aliyeweza kumnyima. Wapo pia waliojichora kwa sababu ya maradhi. Frida Kahlo wa Meksiko alipata ajali mbaya ya basi mnamo 1925 akiwa na umri wa miaka 18. Alipolazwa kitandani kwa muda mrefu, alitundikiwa kioo juu yake, naye akaanza kujichora. Zaidi ya picha 50 alizoziacha ni za nafsi yake.

Kioo na hila zake

Mwanafunzi anayeanza huamini kwamba kioo kitamwambia ukweli. Punde si punde hugundua kuwa kioo kina hila. Kwanza, hugeuza upande: mkono wa kulia huonekana kama wa kushoto. Mfano maarufu ni wa Van Gogh mwenyewe. Alijikata sikio la kushoto tarehe 23 Desemba 1888, lakini katika picha alizojichora Januari 1889, bendeji inaonekana upande wa kulia. Mtazamaji asiyejua habari ya kioo huweza kudhani kuwa wanahistoria wamekosea sikio.

Pili, kioo hakimwonyeshi mtu akiwa katika hali yake ya kawaida. Anayejitazama ili ajichore hukaza macho, hukunja uso na kusahau kupumua. Ndiyo maana nyuso nyingi katika picha za nafsi huwa kali kama za watu wanaohojiwa na polisi. Mtu huyo huenda ni mcheshi, ila alichonakili ni uso wa mtu aliye kazini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwanafunzi hachori anachokiona bali anachokijua. Anapotoa macho kwenye kioo na kuyarejesha kwenye karatasi, katikati ya safari hiyo kuna kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kudanganya. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuyaweka macho juu mno, karibu na nywele. Kwa kweli, macho ya mtu mzima hukaa takriban katikati ya kichwa, baina ya utosi na kidevu. Mwanafunzi huyapandisha kwa sababu akilini mwake macho na mdomo ni muhimu, nacho kipaji cha uso hakina habari. Hivyo basi, hupunja kipaji cha uso na kuyapa nafasi yale anayoyathamini. Huo ndio mwanzo wa somo: kujifunza kuchora ni kujifunza kutoziamini dhana za awali.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana jambo la ziada la kushughulikia. Tangu Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji Makerere katika miaka ya 1930, sanaa hii imepata makao katika vyuo vikuu vya eneo hili, lakini vitabu vingi vya mwongozo vimeandikwa kwa kuwazia ngozi nyeupe. Mwanafunzi mweusi anayefuata miongozo hiyo huchukua rangi nyeusi jinsi inavyotoka kwenye tyubu, akaongeza kahawia kidogo, kisha akashangaa uso wake unavyofanana na mkaa uliozimika. Weusi wa ngozi si rangi nyeusi. Ngozi nyeusi hupokea mwanga na kuurudisha: penye dirisha huingia samawati, karibu na shati jekundu huingia wekundu, chini ya kidevu hujificha zambarau au kijani kibichi. Wapo wanafunzi ambao huiona rangi yao kwa mara ya kwanza siku hiyo mbele ya kioo, ingawa wameishi nayo kwa miaka 20.

Mwanafunzi wa Antwerp

Mnamo Januari 1886, Vincent van Gogh alijiandikisha katika chuo cha sanaa cha Antwerp, Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 32, mkubwa kuliko wanafunzi wengi, naye alikuwa akitegemea fedha za mdogo wake Theo kwa chakula na rangi. Chuo hicho kilifundisha kwa utaratibu wa zamani. Mwanafunzi alitakiwa kunakili sanamu za plasta kwa mistari safi na myembamba kabla ya kuruhusiwa kufanya mengine. Van Gogh alichora kwa kasi, akitia rangi nyingi na mistari minene. Haukupita muda kabla hajagongana na mwalimu wake wa uchoraji wa mistari, Eugène Siberdt.

Kwa mujibu wa waandishi wa wasifu wake, waliokuwa wakikadiria kazi za muhula waliamua kwamba ashushwe katika darasa la wanaoanza. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka: mwishoni mwa Februari alipanda gari la moshi kwenda Paris kuishi na Theo. Iwapo wasifu wake ungekomea hapo, angehesabiwa miongoni mwa wanafunzi wengi walioshindwa na masomo na kusahauliwa.

Yaliyofuata Paris ndiyo yanayomfanya awe mfano unaofaa katika mjadala huu. Kumlipa mtu aketi ili achorwe kulihitaji fedha, naye hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni kioo na uso wake. Kati ya mwaka 1886 na mapema 1888 alijichora zaidi ya mara 25, na katika maisha yake yote picha zake za nafsi zinakaribia 35. Nyingi ni ndogo, na baadhi alizichora nyuma ya vitambaa alivyokwisha kuvitumia, ili asinunue vingine. Mnamo 2022 wataalamu wa majumba ya sanaa ya Uskoti walitangaza kuwa eksirei imefichua picha ya nafsi nyuma ya picha yake ya mwanamke mkulima iliyochorwa mwaka 1885. Ilikuwa imefunikwa kwa gundi na ubao wa karatasi kwa zaidi ya karne moja.

La kuzingatia ni namna alivyoutumia uso wake. Picha za mwanzo ni za rangi za udongo na giza, kama alivyozoea Uholanzi. Kadiri miezi inavyosonga, samawati inaanza kusimama kando ya rangi ya machungwa, kijani kando ya nyekundu, na mipigo ya brashi inaanza kuonekana mmoja mmoja. Uso ule ule umegeuka uwanja wa majaribio. Hakuwa akiuliza kila mara, "Je, mimi ni nani?" Mara nyingi swali lake lilikuwa la kifundi: nini hutokea rangi hii ikiwekwa jirani na ile? Baadaye, mnamo 1889, alimwandikia Theo akieleza kuwa kujijua kunasemekana kuwa kugumu, na kwamba kujichora nako si rahisi. Huyo ni mtu aliyekuwa amekwisha kulifanya zoezi hilo mara nyingi.

Alichokifanya Van Gogh, pasipo kukipa jina, ni kutenganisha uso na nafsi. Walimu wa Antwerp walikuwa wameihukumu kazi yake. Angeweza kulichukua hilo kuwa hukumu juu ya utu wake na kuziweka chini brashi. Badala yake alirudi kwenye kioo na kujigeuza kielelezo, kama vile mtu achukuavyo chungu au kiatu akakiweka mezani ili akichore.

Wasiwasi wa kazi za muhula

Wanafunzi wa leo hawako Antwerp ya mwaka 1886, ila wasiwasi wao una sura zinazofahamika. Upo wasiwasi wa wakati. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa, na pengine wiki, kukauka. Mwanafunzi aliyeahirisha kazi hadi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha hawezi kuikemea rangi ikauke. Upo wasiwasi wa gharama, kwa kuwa rangi, brashi na kitambaa vyote ni vya kununua, na anayeogopa kupoteza rangi huchora kwa woga. Upo pia wasiwasi wa kumwelekea mhadhiri: mwanafunzi huchunguza ni mtindo upi unaompendeza anayetia alama, kisha akajichora kwa mtindo huo. Matokeo yake ni uso usio wake wala wa mhadhiri.

Hata hivyo, wasiwasi unaouma zaidi huja siku ya uhakiki. Picha zimetundikwa, wanafunzi wamesimama kwa nusu duara, naye mhadhiri anapita akitoa maoni. Anafika kwenye picha moja na kusema: "Pua yako ni pana mno. Macho yako yako juu. Taya lako halina nguvu." Darasa linacheka kidogo. Mwanafunzi naye anatabasamu, lakini moyoni ameumia, na jioni hiyo hujitazama kwenye kioo cha bwenini kwa jicho jingine.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katika Kiswahili, kauli "pua yako" ina maana mbili. Kimilikishi "-ako" chaweza kuonyesha kiungo cha mwili wa mtu, na chaweza pia kuonyesha kitu alichokitengeneza. Mhadhiri anakusudia pua uliyoichora. Mwanafunzi anasikia pua uliyozaliwa nayo. Utata huo haumsumbui anayechora chungu, kwa maana akiambiwa "chungu chako kimepinda", hakuna atakayedhani kuwa mwili wake umepinda. Katika picha ya nafsi maana hizo mbili hukutana juu ya uso mmoja, na ndipo sahihisho la kifundi linapogeuka kidonda.

Tiba haihitaji fedha. Mhadhiri anaweza kusema "pua ya pichani" badala ya "pua yako". Mwanafunzi naye, anapoieleza kazi yake, anaweza kusema "uso huu" badala ya "uso wangu". Ni mabadiliko madogo ya maneno, lakini huweka hatua moja ya nafasi baina ya mtu na kazi, na katika nafasi hiyo ndimo marekebisho yanamowezekana. Mtu hawezi kusahihisha kilichoungana na ngozi yake.

Pana hatari ya upande wa pili ambayo haifai kufumbiwa macho. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Baadhi ya wanafunzi, kwa kuogopa kuumia, hujipamba: hulainisha ngozi, huondoa kovu, huyapunguza masikio. Wengine hujichora wabaya kupindukia ili wamtangulie mkosoaji. Njia zote mbili ni kujificha. Aliyejitenga kwa haki na kazi yake haoni haja ya kujipamba wala kujiumbua. Hulichora kovu kwa sababu lipo, na kwa sababu mwanga unalipiga kwa namna ya kupendeza.

Nafsineni ya mchoraji

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakuwa ameanza kuona jambo analolifahamu. Katika uhakiki wa ushairi, hufundishwa mapema kutofautisha mtunzi na nafsineni. Shairi likisema "nimeonewa", mhakiki makini hakimbilii kusema kuwa mshairi ameonewa. Anasema nafsineni inalalamika kuonewa, kisha anaitafuta sababu ndani ya shairi lenyewe. Mtunzi ndiye aliyeiumba sauti hiyo, na huenda ameikopesha machungu yake, lakini mtunzi na sauti si kitu kimoja.

Uso wa pichani waweza kuitwa nafsineni ya mchoraji. Umeumbwa kwa uteuzi: mwanga utoke wapi, macho yatazame wapi, nini kiachwe gizani. Van Gogh anayeonekana katika picha za Paris akiwa na kofia ya ukindu, na katika nyingine akiwa amevaa kama mtu wa mjini, ni mtu yule yule aliyeziumba nafsineni mbalimbali kwa rangi. Mtazamaji anayedhani kuwa anamwona Van Gogh mwenyewe bila kizuizi amefanya kosa lile lile la msomaji anayedhani kuwa kila "mimi" katika diwani ni mshairi.

Funzo hili linarudi pia kwa wanafunzi wa Kiswahili wenyewe. Mwandishi chipukizi anayesomewa shairi lake darasani, na mtafiti anayerudishiwa rasimu ya tasnifu ikiwa imejaa wino mwekundu, wote wako mbele ya kioo kile kile. Huwezi kuwafundisha wengine kutenganisha mtunzi na nafsineni kisha ukalia kwamba umetukanwa wakati sura ya pili ya tasnifu yako inapoambiwa haina mashiko.

Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kuwa picha ya nafsi ni tawasifu ya rangi, na kwamba ugumu wake hutokana na hila za kioo, dhana za awali, na zaidi ya yote, kuchanganywa kwa kazi na nafsi. Mfano wa mwanafunzi wa Antwerp umeonyesha kuwa alama za muhula zinaweza kuikadiria kazi iliyofanywa katika muhula huo pekee. Hazina uwezo wa kukadiria picha ambazo bado hazijachorwa.

Hii haina maana kuwa alama zipuuzwe au walimu wadharauliwe. Macho yaliyochorwa juu mno yako juu mno, na mwanafunzi anayekataa kuambiwa hivyo atayachora hapo hapo hadi uzeeni. Linalohitajika ni kwamba mhadhiri achague maneno yanayoigusa kazi bila kumjeruhi mtu, na mwanafunzi ajizoeze kusikia sahihisho kuwa sahihisho. Kinyozi huyu analazimika kujinyoa. Akijikata, na atajikata, afute damu, akigeuze kioo kidogo kuelekea dirishani, kisha aanze upya.